UZI: Siku tatu Mji Mkongwe – panga kwa maji na adhana

#1 Mwenyeji_Malindi

Assalaam aleikum wanajukwaa. Kila msimu linarudi swali moja: "Nakuja Unguja siku tatu, niende wapi?" Majibu huwa majina matupu: Forodhani, Darajani, Changuu, Jozani. Majina hayo yote ni sahihi, lakini mgeni anabaki hajui aende lini. Pale Forodhani, bustani ya ufukweni inayouzwa chakula usiku, ukifika saa 8 mchana utakuta nyasi na jua kali. Ukifika baada ya magharibi, hupati hata pa kuweka sahani. Fungu la mchanga lililojaa watu asubuhi, alasiri limeshafunikwa na bahari. Kwa hiyo uzi huu utaanza na wakati. Wenye ujuzi wa bahari, chakula, nyumba na gari za shamba nawaomba waongeze.

Kuvuka kwanza. Boti za kasi kutoka Dar zinachukua kati ya saa moja na nusu na mbili. Tiketi inakatwa dirishani au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chako. Anayekufuata barabarani mbele ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu na kukuambia "boti imejaa, njoo huku" usimfuate. Jina ni jambo zito. MV Spice Islander ilipozama tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, ilibainika kuwa waliokuwemo walikuwa wengi kuliko walioandikwa, na kuna familia zilizohangaika kuthibitisha kuwa mtu wao alipanda. Usisafiri kwa tiketi ya mwenzio, hata kama ni ndugu yako na ameghairi safari.

Fika bandarini saa nzima kabla. Mzigo mkubwa unapimwa na unapakiwa peke yake. Chukua kipande cha namba na ukitunze, kwa sababu wakati wa kushuka watu wote wanalikimbilia rundo moja. Simu, dawa na kitambulisho vikae mkononi.

Ukishuka Malindi utapokewa na papasi. Watu wa bara wengi hawalijui neno hili: ni vijana wanaowaongoza wageni kwa kamisheni ya hoteli au duka. Wengine ni waungwana, lakini gharama yao inaingizwa kwenye bei ya chumba chako. Sema "ahsante, napokewa", tembea. Kutoka lango la bandari hadi Forodhani kwa miguu ni kama dakika kumi, ukifuata barabara ya Mizingani na bahari ikiwa mkono wako wa kulia.

Asiye Mtanzania akumbuke: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar ni lazima, na kiwango cha kawaida ni dola 44. Ndugu zetu wa Kenya, Uganda na kwengineko Afrika Mashariki waangalie kiwango chao kabla ya kufunga safari. Mtanzania halipi hiyo.

#2 Wa_Mwanza

Mkuu shukrani. Tunakuja watu watatu mwezi wa saba, mmoja ni mama mwenye miaka 70 na goti linamsumbua. Maswali: bahari mwezi wa saba ikoje? Tulale wapi asipande ngazi nyingi? Na kuna haja ya kukodi gari?

#3 Nahodha_Funguni

Nijibu la bahari.

Mwezi wa saba ni kusi. Upepo unatoka kusini, na Dar iko kusini ya Unguja mjini. Mkija, upepo uko nyuma yenu na chombo kinakwenda vizuri. Mkirudi, boti inapiga mawimbi kwa mbele, na hapo ndipo watu wanapotapika. Kateni tiketi ya kurudi ya asubuhi ya mapema, kwani upepo kwa kawaida huongezeka jua likipanda. Mama akae sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, atazame mbali wala asitazame simu. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kupanda, kiasi cha saa moja. Akishaanza kutapika haimsaidii tena. Ale kidogo, mkate mkavu au muhogo, asiende na tumbo tupu.

Sasa maji. Andikeni hii mahali.

Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku wakati unasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kufika mita 4. Kati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu huhitaji jedwali. Karibu na mwezi mosi na mwezi 15 ni bamvua, karibu na mwezi 8 na mwezi 22 ni maji mafu.

Kwa hapa mjini, siku ya mwezi kuandama au kuwa mpevu maji yamejaa kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, yamekupwa kiasi cha saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maji mafu ni kinyume: yamejaa asubuhi saa 4, yamekupwa alasiri saa 10. Kutoka hapo unahesabu mwenyewe. Siku mbili baada ya mwezi mpevu? Ongeza saa moja na dakika 40. Maji yatajaa karibu saa 11 na dakika 40 jioni.

Kwa nini hesabu hii? Nakupenda ni fungu la mchanga, halina mti wala mwamba, na maji yakijaa linazama. Mkienda siku ya bamvua, ondokeni saa 2 asubuhi, mkae kupwa nzima, mrudi kabla ya saa 7. Mtu atakayewauzia safari ya Nakupenda ya saa 9 alasiri siku hiyo anawauzia maji matupu.

Changuu ni tofauti, ni kisiwa kamili chenye miti, kipo mwendo wa nusu saa kwa boti. Jela iliyojengwa pale mwaka 1893 haikupata kufungia wafungwa. Pakafanywa karantini ya wasafiri wenye maradhi. Kobe wakubwa asili yao ni Ushelisheli. Hapa kwa mama mwenye goti nasema nendeni maji yakiwa yamejaa au yanakaribia kujaa. Maji yakikupwa boti haifiki ufukweni, mtu anashuka kwenye maji ya mapajani na kutembea juu ya mawe na urchini. Urchini ni hao weusi wenye miiba, mwiba unakatikia ndani ya nyayo. Viatu vya mpira kwa wote.

Kabla hamjapanda, ulizeni mambo matatu kwa sauti: bei ni ya boti nzima au ya kila kichwa, kiingilio cha kisiwa kimo au hakimo, na jaketi za kujiokolea ziko ngapi. Hesabuni jaketi kwa macho. Zikipungua, tafuteni boti nyengine, ziko nyingi pale.

#4 Fundi_Chokaa

La malazi. Nimelisubiri, kwa sababu watu wanachagua chumba kwa picha ya kitanda na wanasahau ukuta.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana mita 3. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, hata kwenye jumba la tajiri. Ukuta wa namna hii unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa. Akija mtu akaupiga plasta ya saruji, unyevu hauna pa kutokea. Unapanda juu, plasta inavimba na kubabuka, na boriti inaanza kuoza pale inapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halioni. Nyumba nyingi zilizoanguka zilianzia hapo, au kwenye paa linalovuja likaachwa masika mbili.

Kwa mgeni maana yake ni hii. Chumba cha chini kabisa mara nyingi kina unyevu na harufu ya ukungu. Mwenye pumu asilale humo. Chumba cha juu kabisa kina upepo na mandhari, ila ngazi ni mbao zilizosimama karibu wima, vidato virefu, na lifti hakuna kwenye nyumba nyingi. Kwa mama ombeni ghorofa ya kwanza. Msiridhike na neno "ghorofa ya kwanza" tu, ulizeni vidato vingapi kutoka mlangoni hadi kitandani, na kama ngazi ina mkono wa kushikilia. Mwenye nyumba anayejua kazi yake atawahesabia. Mkifika, pigeni ukuta kwa kiganja karibu na sakafu. Ukiwa wa baridi na unatoa unga mkononi, ombeni chumba chengine kabla hamjafungua mizigo.

Ulizeni pia tangi la maji na umeme wa akiba. Feni ya dari ikifa usiku wa mwezi wa pili, chumba cha ndani kisicho na dirisha la barabarani hakilaliki. Mwezi wa saba hamtapata shida hiyo, kuna ubaridi.

Mitaa: Shangani ina hoteli nyingi na iko karibu na bahari. Kiponda na Hurumzi ni katikati ya vichochoro, tulivu usiku, lakini gari halifiki mlangoni. Malindi ni karibu na bandari. Kwa mtu wa goti, Shangani au kando ya Vuga, ambako teksi inakaribia.

Na Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, kabla hamjauliza: lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Sayyid Barghash, na tarehe 25 Disemba 2020 upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Litazameni kutoka bustanini. Msipite uzio kwa ajili ya picha.

#5 Binti_Kiponda

> *Wa_Mwanza: kuna haja ya kukodi gari?*

Kwa mjini hakuna. Mji Mkongwe wote ni kama hekta 96, unauvuka kutoka Darajani hadi Shangani kwa dakika ishirini hata ukipotea. Na utapotea. Ukipotea usitazame simu, ramani inayumba kati ya kuta ndefu. Fuata kichochoro kinachopitwa na watu wengi. Ama kitakutoa baharini ama Barabara ya Mkapa, ile tunayoiita Darajani kwa sababu zamani palikuwa na hori la maji na daraja juu yake. Ukisikia "simile!" nyuma yako, bana ukutani mara moja, ni hamali na gari lake la mzigo au kijana na Vespa.

Mimi nataka kuzungumza Darajani na chakula, maana hapa watu wanapoteza pesa.

Soko la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904. Nendeni kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Samaki wanauzwa kwa mnada, na kwa fungu kwa wenye haja ndogo. Jodari na nguru wanakatwa vipande mbele yako. Tazama jicho, liwe limetuna na linang'aa. Fungua shavu, matamvua yawe mekundu na si ya kahawia. Bonyeza nyama, irudi. Pweza mbichi ngozi yake ina madoadoa na inateleza; akishakuwa mweupe na mlegevu amelala jana. Dagaa hupungua na kupanda bei siku za mbalamwezi, kwa sababu wavuvi huwavuta kwa taa na taa haifui dafu mwezi ukiwaka. Mnaona, hata bei ya dagaa ni mambo ya mwezi.

Viungo. Vile vipakiti vilivyopangwa kwenye kikapu cha ukili vinapendeza kwa zawadi, lakini vingi vimekaa juani na harufu imeondoka. Nunueni kwa kupimiwa kutoka kwenye gunia.

Karafuu: iwe na kichwa chake, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Ibonyeze kwa ukucha, itoe mafuta. Ukitaka hakika zaidi, itumbukize kwenye glasi ya maji. Nzuri inazama au inasimama wima. Ikielea kwa ubavu, mafuta yamekwisha. Mdalasini: ule mwembamba uliojikunja tabaka nyingi kama karatasi ndio wenye utamu; gome nene la tabaka moja ni kali na gumu kusagika. Hiliki: ganda la kijani lililofumba. Vanila: inyumbulike kidoleni, ikikatika kama kijiti, iache.

Zafarani, nawasihi. Zafarani haioti Unguja. Unga wa machungwa unaouzwa kwa bei ya chini kwa jina hilo ni rangi, na zile nyuzi nyuzi za bei rahisi ni ua la mmea mwengine. Ukiloweka zafarani ya kweli kwenye maji ya uvuguvugu, rangi inatoka polepole, manjano, na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ikitoka mara moja, nyekundu au machungwa, na uzi ukabaki mweupe, umeuziwa rangi.

Sasa urojo. Wageni wanaukimbilia usiku, na usiku ndio wakati wake mbaya. Urojo ni chakula cha alasiri. Mchuzi wake kwa lita 2 za maji: embe mbichi mbili zilizokunwa, kijiko kidogo cha manjano, chumvi, na unga wa ngano vijiko vikubwa vinne hadi vitano. Unga unakorogwa kwanza kwenye maji baridi ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka huku unakoroga bila kuacha. Ukitia unga mkavu kwenye maji ya moto, unapata madonge. Ndimu inakamuliwa mwisho, sufuria ikishaepuliwa, la sivyo inaleta uchungu. Bakuli linapangwa hivi: viazi vya kuchemsha, bajia za dengu, kachori, mshikaki wa nyama, yai ukitaka, mchuzi juu yake, kisha chatne ya nazi, pilipili, na mwisho muhogo uliokunwa na kukaangwa, ambao lazima ulie ukiuma.

Anayeuza vizuri, sufuria yake iko motoni muda wote. Kadiri saa zinavyokwenda mchuzi unakuwa mzito, na wengine huongeza maji bila kuongeza embe, basi unakunywa maji ya manjano. Chatne ya nazi ndiyo ya kuangaliwa zaidi: nazi mbichi iliyosagwa haikai kwenye joto. Ikipita magharibi, inuse kwanza. Ikiwa na uchachu usio wa ndimu, sema usitiliwe chatne.

#6 Mwenyeji_Malindi

Bi Binti, umesema kweli kuhusu urojo. Tupe na Forodhani, maana kuna ubishi kila mara: twende au tusiende?

#7 Binti_Kiponda

Waende. Bustani ilitengenezwa upya mwaka 2009 na ni mahali pa familia, wenyeji tunapeleka watoto pale. Lakini wale kwa macho.

Wachomaji wanapanga meza baada ya magharibi: kamba, kambakochi, pweza, ngisi, nguru, papa. Vingi vimeshachomwa mara moja mchana, na ukichagua vinapashwa moto tu. Pweza aliyepashwa mara ya tatu anakuwa kama raba. Chagua kile ambacho unaona bado kibichi, kisha simama pale pale kinapochomwa. Ulizia bei ya mshikaki mmoja mmoja kabla. Sahani ishike mwenyewe, kwa sababu muuzaji akiishika yeye ataongeza "kidogo cha kuonja", na hesabu inakuja mwisho. Kambakochi bei yake iko peke yake, hata ukiambiwa "hii yote sahani moja" uliza tena.

Vya kula bila wasiwasi ni vile vinavyotengenezwa mbele yako. Pizza ya Unguja: donge la unga linavutwa hadi unaona kikaango upande wa pili, linatiwa nyama ya kusaga, vitunguu, hoho, yai, linakunjwa pembe nne na kukaangwa. Juisi ya miwa inayosagwa na ndimu na tangawizi ndani yake. Kataeni barafu kama hamjui maji yake. Maji ya bomba msinywe popote.

Kwa bei za wenyeji, vukeni barabara mwende Ng'ambo: Michenzani, Mlandege, Rahaleo. Pilau, wali wa nazi na mchuzi wa samaki, mkate wa kumimina, chai na boflo asubuhi. Noti ya 10,000 vunjeni dukani mapema. Muuza kahawa hana chenji yake.

#8 Gari_ya_Shamba

Nimalizie la usafiri. Daladala zetu zinakwenda kwa namba, na namba ina maana. Inayoanza na 1 inakwenda kaskazini, 2 mashariki, 3 kusini, 5 ni za mjini na vitongoji. Za kukumbuka: 502 Bububu, 505 Uwanja wa Ndege, 116 Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe, 206 Chwaka, 214 Uroa, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi.

Vituo vimehamishwa tangu Darajani ianze kujengwa upya, kwa hiyo usitegemee maelezo ya zamani mtandaoni. Muulize utingo yeyote wa gari za mjini, "gari za namba fulani zinapakia wapi?", atakushusha hapo. Nauli unalipa ukishuka au utingo akikugonga bega, na nauli ni moja kwa mwenyeji na mgeni. Tazama jirani yako anatoa ngapi. Mzigo mkubwa unalipiwa.

Jozani, msitu wa hifadhi, iko njia ya kusini, kilomita kama 35 kutoka mjini. Panda 309 au 310, mwambie utingo "Jozani, langoni". Kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, wanaonekana vizuri asubuhi na alasiri. Mchana wa jua wanalala juu. Kaeni nao mbali mita 3 na msiwape chakula, maradhi yetu yanawaua. Njia ya mbao kwenye mikoko mama anaiweza, ni tambarare, lakini ikinyesha inateleza.

Kosa linalowaangusha wengi ni kurudi. Gari za shamba zinaamka mapema na zinalala mapema. Ikifika saa 10 alasiri uwe barabarani. Magharibi ikikukuta Bwejuu utalipa teksi nzima. Kwa watu watatu mmoja akiwa mgonjwa wa goti, kwa safari ya shamba nashauri teksi ya siku. Daladala viti vyake viko chini na magoti yanakunjwa njia nzima.

#9 Wa_Mwanza

Mungu awabariki. Mawili ya mwisho: ibada ya Ijumaa inaathiri vipi ratiba, na mavazi. Na makachu, ule mchezo wa vijana kuruka baharini tunaouona kwenye video, ni saa ngapi?

#10 Mwenyeji_Malindi

Ijumaa maduka mengi yanafungwa kuanzia saa 6 na nusu mchana hadi kama saa 8. Siku nyengine pia wengi hufunga mchana kwa chakula na kufungua tena kiasi cha saa 9. Basi saa 7 hadi saa 9 mpumzike, au nendeni Mkunazini. Soko la watumwa pale lilifungwa mwaka 1873, Sayyid Barghash alipotia saini mkataba, na mwaka huo huo ujenzi wa kanisa ukaanza juu ya uwanja wake. Vyumba vya chini vina dari ya chini sana, mtu anainama muda wote. Mama abaki juu, kanisani na kwenye sanamu za ua, kuna mengi ya kutazama bila kuinama. Mkitaka kuingia na mtu wa kuwaeleza, mchukueni mwenye kitambulisho cha kazi hiyo.

Ramadhani ni mpango mwengine kabisa: mchana usile, usinywe wala usivute barabarani, migahawa mingi imefungwa, na Forodhani inachangamka baada ya futari. Ila usiku wake mji hauna mfano.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe mjini, kwa mwanamke na mwanamume. Vazi la kuogelea libaki ufukweni. Khanga moja mkobani inamaliza tatizo. Mkinunua, inauzwa kwa doti, yaani vipande viwili, na sugueni pembe kwa kitambaa cheupe kilicholowa muone kama inatoa rangi. Picha za watu ombeni ruhusa, hasa kina mama na wazee barazani. Bandari, kambi na Ikulu msipige. Kwenye baraza la kahawa Jaws Corner salamu inatangulia, kisha mnaagiza, kisha picha kama mmekubaliwa. Kahawa ni chungu, kikombe kidogo, inaliwa na kashata. Mwende na vikombe vyenu kama mna tumbo jepesi, vile vya pale vinasuuzwa kwenye ndoo moja.

Makachu namwachia nahodha.

#11 Nahodha_Funguni

Makachu ni ya maji mengi. Vijana wanaruka kutoka ukuta wa Forodhani alasiri kuelekea magharibi, na siku nzuri ni ya pili na ya tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, kwa sababu maji yanajaa jioni pamoja na kuzama kwa jua. Wiki ya maji mafu, jioni mtakuta kina kifupi na warukaji wachache.

Msiruke nanyi. Chini ya ukuta ule kuna mawe na vyuma, na wale vijana wanajua kila jiwe lilipo kwa kina cha siku hiyo. Kaeni upande wa Ngome Kongwe kidogo, si ukingoni, mama apate kiti cha zege chenye mgongo. Jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo kutegemea mwezi wa mwaka. Mwezi wa saba muwe mmeshakaa saa 11 na nusu.

#12 Fundi_Chokaa

Nyongeza fupi ya kurudi usiku kutoka hapo. Vichochoro vingine havina taa. Kwenda Kiponda au Hurumzi, msikate katikati nyuma ya ngome. Piteni njia ya maduka ya Gizenga, ina watu hadi usiku. Tochi ya simu imulike chini, mifereji mingine mifuniko yake imevunjika, na goti la mama ndilo litakalolipa. Ikizidi saa 4, teksi hadi karibu na Darajani kisha kichochoro cha mwisho kwa miguu. Simu ya mwenye nyumba iwe na salio upande wenu, maana mlango mkubwa hufungwa na komeo kwa ndani, na hata mkigonga, chumba cha juu hawasikii.

#13 Wa_Mwanza

Nimenakili yote. Tunaangalia kalenda ya mwezi sasa hivi kabla ya kukata tiketi.

#14 Nahodha_Funguni

Mkishapata tarehe, ziandikeni hapa, niwahesabie maji ya Changuu siku kwa siku.